Redio ilimfikia mama, ikampita mtoto

Mtanisamehe kwa kuadimika. Wiki 3 zote nilikuwa nazunguka vijijini kufuatilia mavuno ya mtama na alizeti, na gazeti likishakukamata huna pa kuchomokea. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu mwaka jana. Kule kazini halina nafasi tena kwa sababu lilishaandikwa likapita, na aliyeliandika vibaya ni mimi mwenyewe.

Mwaka jana niliandika habari ya mtoto wa miaka 5, kiziwi, ambaye majirani walidai anafungiwa ndani na mama yake. Kijiji kiko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, jina lake naliacha. Nilifika saa 5 asubuhi, nikapiga picha ya mlango wenye kufuli, nikazungumza na mtendaji wa kijiji na majirani 2. Mama mwenyewe alikuwa shambani. Sikumsubiri, maana nilikuwa nawahi gari la kurudi mjini. Kichwa cha habari mnaweza kukikisia bila mimi kuwasaidia: mtoto mlemavu afichwa ndani. Mhariri alifurahi, na mimi nilifurahi zaidi yake.

Miezi 2 baadaye nikapita pale kwa kazi nyingine na mama yule akanitambua. Nikamwamkia "mbukwenyi" (mimi wa kuja, nimezaliwa Singida, na hiyo ndiyo karibu Kigogo changu chote). Hakunitukana. Alinipa kigoda, akanipa maji, ndipo akasema: "Mwanangu, mimi simfichi. Namfungia nikienda shamba. Malori haya yakipiga honi, yeye hasikii."

Kisha akanionyesha ndani. Ukutani, kwa mkaa, palikuwa na michoro ya mbuzi, ndoo, jua, jembe na gari. Chini palikuwa na kopo la mbegu za ubuyu ambazo mtoto alikuwa anazipanga kumi kumi. Na palikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Mdogo wake mama huyu anaishi Dar es Salaam, amepanga jirani na mwalimu wa watoto viziwi. Kila wiki mwalimu anarekodiwa akionyesha ishara 3 au 4, video zinatumwa kwa WhatsApp, na huku kijijini mama anapanda kwenye kichuguu nyuma ya zizi kutafuta mtandao. Akishapakua anashuka, anajifunza yeye kwanza, halafu anamfundisha mwanawe. Kila ishara anaichorea mstari kwenye daftari. Siku ile nilihesabu mistari 63.

Nilirudi mjini na aibu yangu. Na kwa kuwa dawa pekee ya aibu ninayoijua ni kusoma, nikaanza kutafuta: je, hiki anachofanya mama huyu ni kitu kipya? Nani alianza kumfundisha mtoto mdogo mwenye ulemavu akiwa nyumbani, na mwalimu akiwa mbali? Nilidhani historia hiyo ingeanzia kwenye intaneti. Kumbe inaanzia kwenye stempu.

Mwaka 1920, karibu na Chicago huko Marekani, mwalimu wa sekondari aitwaye William Hadley, aliyepoteza uwezo wa kuona ukubwani na kujifunza Braille mwenyewe, alianza kufundisha wasioona wenzake kwa njia ya posta. Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa mke wa mkulima kule Kansas. Makaratasi ya nukta nundu ni manene na mazito, lakini taratibu za posta duniani zinaruhusu maandishi ya wasioona yasafirishwe bila kulipiwa, na bila huruma hiyo ndogo ya posta sijui kama shule ile ingefika mbali. Hadley, hata hivyo, alianza na watu wazima. Wa kwetu leo ni watoto.

Kwa watoto yuko Louise Tracy. Wapenzi wa sinema za zamani watamjua mumewe, mwigizaji Spencer Tracy. Mtoto wao John alizaliwa mwaka 1924, na hakuwa amefikisha hata mwaka mmoja mama alipogundua kwamba hasikii. Akaambiwa yale wanayoambiwa mama wengi hadi leo, yaani asubiri mtoto akue apelekwe shule. Hakusubiri. Alimfundisha mwenyewe nyumbani, na mwaka 1942 akaanzisha kliniki Los Angeles kwa jina la mwanawe, akianza na kundi dogo la akina mama. Barua zikaanza kuingia kutoka kwa wazazi walio mbali wasioweza kufika, na mwaka 1943 kliniki ikaanza kutuma masomo kwa posta, bure, kwa wazazi wa watoto viziwi wadogo. Mzazi anapokea somo, analifanya na mtoto jikoni au sebuleni, anaandika barua kueleza mtoto alivyofanya, na mtaalamu anamjibu. Masomo hayo baadaye yalitafsiriwa kwa lugha nyingine na kuvuka mipaka.

Naomba msikimbie hapa. Somo halikutumwa kwa mtoto. Mtoto wa miaka 3 hasomi barua. Aliyeandikishwa shule ni mama, na ndiye aliyekuwa anasahihishwa. Viziwi wengi wameikosoa njia ya Tracy kwa sababu iliweka mkazo kwenye kusema kwa mdomo na kusoma midomo, lugha ya alama ikaachwa nje, na mimi naona ukosoaji huo una haki. Ila mpangilio wenyewe, wa mwalimu wa mbali kumfundisha mzazi aliye karibu, ndio ule ule niliouona nyuma ya zizi.

Sasa turudi kwetu Ugogo. Ukitoka Dodoma kuelekea Morogoro, kabla hujafika kijiji cha mama yule, unapita Buigiri. Abiria wengi wanapajua kwa sababu ya Ikulu ya Chamwino iliyo jirani. Wachache wanajua kwamba pale, mwaka 1950, Kanisa la Anglikana lilianzisha shule ya watoto wasioona, na kwamba elimu maalumu ya Tanganyika nzima inahesabiwa kuanzia hapo. Ilianza na wavulana, watoto kutoka mbali wakilala pale pale shuleni.

Kwa nini watoto wasioona walikuwa wengi kwenye uwanda huu mkavu? Tuna tatizo la vikope, ugonjwa ambao watafiti wameufuatilia Kongwa kwa miaka mingi tangu miaka ya 1980, ukienda sambamba na uhaba wa maji ya kunawa uso. Lakini vikope huanza utotoni na kupofusha zaidi ukubwani. Kilichokuwa kikipofusha watoto wadogo kilielezwa vizuri na daktari wa macho Allen Foster, aliyefanya kazi katika Hospitali ya Mvumi, kusini mwa mji wa Dodoma. Mwaka 1987, yeye na Alfred Sommer walichapisha utafiti kuhusu vidonda vya kioo cha jicho kwa watoto wa Tanzania. Surua ilikuwa mbele, ikisaidiwa na upungufu wa vitamini A na dawa za kienyeji zinazotiwa machoni. Chanjo na matone ya vitamini vimepunguza sana balaa hilo.

Surua haikusubiri mtoto afike umri wa shule. Ilimkuta mdogo, akiwa na mwaka 1, miaka 2 au 3. Shule ilimpokea akiwa na 7 au zaidi. Hata Sheria ya Elimu ya 1978 ililazimisha uandikishaji wa watoto wa kuanzia miaka 7. Piga hesabu. Mtoto aliyepofuka akiwa na miaka 2 alikaa nyumbani miaka 5 kabla mwalimu yeyote hajamgusa mkono. Miaka hiyo ndiyo mwenzake anayeona anajifunza kutembea peke yake hadi kisimani, kuhesabu mbuzi na kumwiga baba. Kwa kiziwi ni vibaya zaidi, kwani ndiyo miaka ya kupata lugha, na ikipita bila lugha hairudishwi kwa urahisi. Na shule ya kwanza ya viziwi nchini ilifunguliwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, Tabora. Kwa mzazi wa Dodoma wa wakati huo, hiyo ni treni ya reli ya kati na kumwacha mtoto ugenini kwa watu asiowajua.

Na hapa ndipo redio inapoingia, na ndipo historia hii iliponiuma.

Vijana wenzangu huwa tunazungumza kana kwamba elimu ya masafa ililetwa na simujanja. Hebu waulizeni wazee. Serikali ilitangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 ikaja Operesheni Dodoma, familia zilizokuwa zimetawanyika porini na mifugo yao zikahamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wengine kwa hiari na wengine si kwa hiari (hilo lina makala yake). Halafu 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 nchi nzima walikaa katika vikundi kuizunguka redio. Kipindi kinasikilizwa, kiongozi wa kikundi anasoma kijitabu, wanajadili, wanakubaliana la kufanya, wanakwenda kulifanya: kuchimba choo, kufyeka nyasi, kuchemsha maji. Viongozi wa vikundi waliopewa mafunzo walikuwa kama 75,000. Mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huo huo. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa pia na masomo kwa njia ya posta. Mwaka 1967 watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa karibu theluthi 2. Kufikia 1986 ilitangazwa kwamba wamebaki chini ya asilimia 10.

Mzee mmoja wa kijiji hicho hicho aliniambia anaukumbuka mti waliokaa chini yake, na anaikumbuka zaidi redio yenyewe, National, na ugomvi wa nani anunue betri. Nikamuuliza kama kipindi kimewahi kuzungumzia watoto wasioona au wasiosikia, namna ya kukaa nao na kuwafundisha. Alicheka kidogo. "Hao walikuwa wa misheni," akasema.

Jibu hilo limenikaa kichwani kuliko kitabu chochote nilichosoma. Serikali ilijua kumfikia mama wa kijijini kwa redio, tena kwa mpangilio ambao mataifa mengine yalikuja kuusoma. Buigiri, umbali wa kutembea kutoka baadhi ya miti ile, walimu walijua namna ya kumfundisha mtoto asiyeona kuvaa, kula, kutembea na kusoma. Yule wa redio na huyu wa nukta nundu hawakukutanishwa kumfundisha mama wa mtoto wa miaka 3. Silaumu mtu mmoja. Walimu wa Buigiri walikuwa na mikono iliyojaa, na watu wa redio walikuwa wanapambana na magonjwa kama kuhara. Lakini wiki 12 nyingine zingetosha kueleza mengi: kwamba mtoto asiyeona aambiwe jina la kila anachoshika, kwamba kiziwi aangaliwe usoni unapozungumza naye, kwamba asinyimwe kazi za nyumbani. Mama alikuwa tayari amekaa chini ya mti, betri zimeshanunuliwa.

Kwingine waliunganisha, ingawa si lazima kwa redio. Mwaka 1969, katika mji mdogo wa Portage, Wisconsin, Marekani, nyumba zilikuwa mbali mbali mno kuwakusanya watoto wadogo wenye ulemavu darasani. Wakaanza kumtuma mwalimu nyumbani mara moja kwa wiki, akiwa na kadi zenye hatua ndogo ndogo. Anamwonyesha mzazi, mzazi anafanya wiki nzima, mwalimu anarudi kuangalia. Njia hiyo ilisambaa nchi nyingi. Zimbabwe, katika miaka ya 1980, shirika la Zimcare Trust lilikuwa na mpango wa nyumbani kwa watoto wenye ulemavu wa akili wa vijijini, mzazi akiwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo asije mtu akasema Afrika haikuwezekana.

Na redio ya watoto wadogo tumekuwa nayo hapa hapa nchini, upande wa pili wa bahari. Mwaka 2006 Zanzibar ilianza mradi wa RISE, ambao ulikuwa na vipindi vya Tucheze Tujifunze kwa watoto wa umri wa chekechea waliokosa madarasa. Watoto wanakaa barazani au chini ya mwembe na mlezi wa kujitolea, redio inauliza, inanyamaza sekunde chache watoto wajibu, inaimba, inawaambia waruke, wahesabu vidole. Kwa mtoto asiyeona kipindi cha namna hiyo ni karamu, almradi mlezi amshike mkono pale redio inaposema "tazama". Kwa kiziwi ni dakika 30 za kuangalia wenzake wakiruka bila kujua kwa nini.

Tofauti hiyo niliiona mwenyewe mwaka 2020. Nilikuwa mwaka wa pili UDOM. Machi 17 shule zikafungwa kwa sababu ya korona, kesho yake vyuo, nami nikarudi Singida. Masomo yakaanza kurushwa redioni na kwenye televisheni, TBC ikiwemo. Mdogo wangu wa darasa la 4 alikuwa anakwenda kwa jirani mwenye king'amuzi, akirudi ananisimulia katuni. Mtaa wa pili kulikuwa na binti kiziwi aliyerudishwa kutoka shule ya bweni. Alikaa kibarazani hadi Juni 29 shule za msingi zilipofunguliwa. Bibi yake hakuwa anajua ishara hata moja, na binti hakuwa na wa kuongea naye nyumba nzima kwa zaidi ya miezi 3. Nilipita pale kila siku nikienda dukani, na sikuandika chochote. Sikuwa bado nimejifunza kuona habari mahali pasipo na kufuli.

Mwaka huo huo Kenya, kampuni ya eKitabu ilitengeneza hadithi za watoto za televisheni zenye Lugha ya Alama ya Kenya. Na Botswana watafiti walijaribu kitu cha bei rahisi zaidi: walimpigia mzazi simu ya kawaida mara moja kwa wiki, simu ikawekwa sauti ya juu, mtoto akafundishwa hesabu kwa dakika kama 20, pamoja na ujumbe mfupi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2022 yalionyesha watoto waliopigiwa simu walisonga mbele. Hawakuwa watoto wenye ulemavu, lakini simu ilikuwa kitochi, si kompyuta, na kitochi kimefika hata kwenye kichuguu chetu.

Ndiyo maana siku hizi nikialikwa kwenye semina za teknolojia pale mjini, wakianza kuonyesha picha za vishikwambi na miwani ya ajabu ajabu, huwa nauliza swali moja linaloniletea sifa ya ubishi: nani anamfundisha mama? Mara nyingi najibiwa kwamba hilo ni la wizara nyingine. Halafu tunakwenda chai.

Nimalizie na mama yule. Nilimwomba mhariri tuandike masahihisho. Yalitoka, mistari 4, ukurasa wa ndani kabisa, chini ya tangazo la mnada wa pikipiki. Nikampelekea nakala. Alimpa mtendaji asome kwa sauti mbele ya wale majirani 2, na mimi nikiwepo, nikiangalia chini. Ile picha ya mlango nimeifuta kwenye simu, ila kwenye gazeti imeshatoka na haifutiki.

Kijana sasa ana ishara zaidi ya 100. Amepata nafasi katika shule ya bweni yenye walimu wa viziwi, ataanza Januari. Nilidhani nitamkuta mama anashangilia. Alikuwa anashona sare, kimya, kisha akaniuliza kitu ambacho sikuwa nimekifikiria hata kidogo: kule shule kijana atajifunza ishara nyingi kwa wiki moja kuliko zile zinazomfikia yeye kwa mwezi. Likizo ya Juni akirudi, wataongeaje?

Anataka shule iwe inamrekodia ishara za wiki na kumtumia. Nilipiga simu kwa mwalimu mmoja wa pale. Akasema hakuna utaratibu huo, na simu ya shule haina kamera ya maana, lakini yeye ana simu yake na atajaribu Ijumaa baada ya vipindi, kama bando litakuwepo. La Januari nimesema nitalinunua mimi. Ikifika Februari nitawaandikia hapa kama video zilifika.